Picha ya Nyota Mezani kwa Mwalimu Valeriani

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo kidogo cha polisi, Wilaya ya Karatu

Jina: Penina Emmanueli
Umri: Miaka 52
Kabila: Mwiraqw
Kazi: Mkulima, pia mpishi wa nyumbani
Makazi: Oldeani

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu.

Nilikuwa nampikia marehemu Mwalimu Valeriani, mwalimu mstaafu wa jiografia. Mlinzi wake ni mzee Kasaine, Mmasai wa Olbalbal. Wazee hao ni wa rika moja, kwa hiyo walikuwa wanaitana kwa majina tu. Mwanafunzi wa zamani wa Mwalimu, anayeongoza watalii, alimletea picha ya kuunganisha, imekatwa vipande vidogo vidogo vya karatasi ngumu. Ni picha ya kale ya Wazungu: dunia imekaa katikati, jua, mwezi na nyota vinaizunguka. Tangu Pasaka walikuwa wakiipanga mezani kila asubuhi, Kasaine akishamaliza lindo. Mwalimu alisema waliochora walikosea. Kasaine alimjibu, "Hawakukosea. Mimi nimechunga, nimeliona jua likitembea." Walibishana hivyo mpaka chai inapoa, nami nimeshachoka kuipasha moto.

Mnamo tarehe 14/06/2024, saa moja asubuhi, nilifika kazini. Nikiwa bado uani nilimsikia Mwalimu akicheka, kisha akakohoa, kisha kiti kikaanguka. Nikakimbilia ndani. Nilimwona Kasaine akiisukuma meza kwa mguu apate nafasi ya kumlaza, ndipo vipande vikamwagika sakafuni. Kwa hiyo vile vipande mlivyovikuta chini si dalili ya ugomvi. Alimpakata Mwalimu, akamfungua vifungo vya koti. Mimi nikapiga simu kwa mwenye gari aje kumpeleka hospitali, baadaye nikampigia Emilian, mtoto wa marehemu, aliyeko Karatu mjini.

Emilian alifika pamoja na polisi. Afande alimuuliza Kasaine, "Huyu marehemu anaitwa nani?" Kasaine akatazama chini. Alipoulizwa tena akasema, "Ni mwenye nyumba hii." Emilian akasema, "Miaka yote unakula kwake, leo jina lake hulijui? Unaficha nini, mzee?" Kasaine akapakiwa kwenye gari la polisi. Nilitaka kusema, nikaambiwa nisubiri kuitwa. Iliniuma sana, na naomba hilo nalo liandikwe.

Kasaine hafichi kitu. Kwao mtu akishafariki, waliokuwa karibu naye hawalitaji tena jina lake. Nalijua hilo kwa sababu mwaka juzi alifiwa na mke wake. Mwalimu, katika kumpa pole, akalitaja jina la yule mama. Kasaine aliinuka bila kuaga, akawa anakaa getini tu, ndani haingii. Mwalimu alikuwa msomi lakini hilo lilimpita, hadi mama Seenoi anayetuletea maziwa alipotueleza. Mwalimu alisikitika mno. Akanituma getini na sukari na majani ya chai nikamwombee radhi. Kasaine alipokea, akaingia ndani, hayakuzungumzwa tena. Jina la mama yule mimi sijalitaja tangu siku hiyo, na hapa pia silitaji.

Namwombea mzee huyu asishikiliwe kwa sababu ya kunyamaza. Ana majonzi kuliko sisi wote, na Emilian akitulia ataliona hilo. Mkimhoji tena, muulizeni habari za rafiki yake, msimlazimishe kulitaja jina.

Swali: Ulijuaje kwamba Mwalimu amefariki, wakati hukumgusa?

Jibu: Kasaine alikuwa anamwita. "Valeriani. Valeriani, inuka." Aliita mfululizo, kwa sauti ileile ya kila siku. Mimi nilikuwa mlangoni, simu iko sikioni, namhimiza mwenye gari. Kisha Kasaine akaacha kuita. Akavua shuka lake akamfunika, akaniambia, "Penina, mwambie mwenye gari asikimbize."

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, sina la kuongeza.

Saini ya shahidi: P. Emmanueli

Maelezo haya nimemsomea shahidi, amekiri ni sahihi na kusaini mbele yangu leo 14/06/2024, saa 9:20 alasiri. Baada ya hapo nimemhoji upya mzee Kasaine kuhusu mwenye nyumba. Amejibu maswali yote. Ameruhusiwa kwenda msibani.

Koplo Wilson