Kwa Mama, Kuhusu Ng'ombe Wake

Mama yangu mpenzi,

Nnakuandikia nimevua viatu na miguu nimeiweka juu ya meza, jambo ambalo ungekuwepo usingelinyamazia. Nivumilie leo. Mwanao ametua mzigo aliouchukua miaka arubaini, na mtu aliyetua mzigo hukaa anavyotaka.

Unazikumbuka zile Ijumaa alasiri, nyumbani kwetu Mutrah? Mashoga zako wakija, kahawa ikizunguka, halwa ikiliwa mpaka sahani inang'aa, halafu wakikuomba hadithi. Ukikohoa kidogo, ukijifanya hutaki, na sote tukijua unataka. Ukiwaeleza kwamba dunia hii imekaa juu ya pembe ya ng'ombe. Ng'ombe kasimama juu ya mgongo wa chewa, yule samaki mkubwa, na chewa yumo majini. Ng'ombe akichoka huihamisha dunia pembe ya pili, ndipo ardhi inapotetemeka. Rangi yake ilibadilika kila wiki, mara mweupe, mara wa madoa, na hakuna aliyekuuliza kwa nini.

Mpaka nilipouliza miye, si rangi, ila jambo jengine. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, nimeanza kusoma sayansi skuli, najiona nimeshakuwa mtu wa kuogopwa.

"Mama, na maji yamekaa juu ya nini?"

"Juu ya giza," ukasema.

"Na giza?"

Ukanitazama. Wanawake wakaangua kicheko, mmoja akajipiga paja. "Leo umepatikana, Bi Salma," akasema Bi Zuwena, shoga yako wa chanda na pete. Ukainuka kimya, ukachukua birika la kahawa ukaenda nalo jikoni. Birika lilikuwa limejaa. Hilo nililiona.

Tangu siku ile sikukusikia tena ukihadithia. Nikajua nimekuvunjia heshima mbele ya wenzio, kwa kutaka nionekane nina akili. Sikukuomba radhi; kwanza kwa kiburi, halafu kwa haya, halafu ukatutoka, na huu mwaka wa saba.

Cha kuchekesha ni kuwa suali lile ndilo lililonifanya niwe nilivyo. Nnasomesha falsafa chuoni, na kila muhula, wiki ya tatu, nnaingia darasani na ng'ombe wako. Nnawaambia wanafunzi: ukidai jambo ni kweli, nitakuuliza kwa nini. Ukinipa sababu, nitaiuliza hiyo sababu nayo imekaa juu ya nini. Tutashuka mpaka wapi? Ama tushuke bila ya mwisho, ama tuzunguke turudi pale pale tulipoanzia, ama tusimame mahali tuseme hapa basi, bila ya kuwa na ushahidi. Wanafalsafa wa leo bado wanagombana juu ya hizo njia tatu, na vitabu vyao ni vizito kushinda huyo ng'ombe. Lakini hawakuanza wao. Alianza mtu aliyeikanyaga ardhi akahisi kuwa kitu kizito namna hii hakikosi mbebaji. Watu hudhani hekaya kama zile ni majawabu ya kitoto. Miye nnaona ni masuali ya watu wazima, na sisi wasomi tumembadilisha mnyama tu.

Haya yote nikiyasema kwa sauti ya kitaalamu, mama, na nikifika pa kueleza hadithi nimeipata wapi, nikisema: "Imepokewa kwa watu wa kale." Watu wa kale. Wewe uliyekuwa na simu mbili, ukinitumia picha za maua kila asubuhi. Niliona tabu kukutaja, kwa sababu nikikutaja ningekuona unaingia jikoni.

Muhula huu, baada ya somo, mwanafunzi mmoja, Shadya, akabaki nyuma. Darasani tunasema Kiarabu, kama nchi nzima. Huyu akanijia kwa Kiswahili cha nyumbani.

"Ustadh, samahani. Hadithi yako imekatika."

"Imekatika vipi?"

"Haina mtoto. Bibi yangu anavyotuhadithia, mwishoni kuna mtoto anauliza giza limekaa juu ya nini. Watu wote wanamcheka, ila ng'ombe. Ng'ombe analisikia lile suali, na yeye maisha yake hajawahi kujiuliza. Basi anainama kutazama kasimama wapi. Ndipo dunia inapotikisika."

Nikakaa kwenye kiti cha mwanafunzi. "Bibi yako nani?"

"Bi Zuwena. Sasa yuko Qantab, nyuma ya milima, kwa ami yangu."

Jumamosi nikaishika njia ya milimani, nimekamata usukani kama mtu anayejifunza udereva. Nikamkuta kakaa juu ya mkeka, macho yamepungua, ulimi haukupungua.

"Nani huyo?"

"Miye, Bi Zuwena. Mtoto wa Bi Salma."

"Yupi? Yule wa masuali?"

Nikamuuliza nani kamtia mtoto katika hadithi.

"Mamako, nani mwengine? Wiki ya pili yake tu kaja nayo kwangu imeshaiva. Akatuchosha. Kila nyumba akiingia, mtoto, mtoto. Tukamwambia, Salma, hadithi ya ng'ombe hii."

"Mbona siku ile aliondoka? Birika lilikuwa limejaa."

"Alikwenda kucheka. Nilimfuata miye. Kashika mlango, machozi yanamtoka, ananambia, Zuwena, huyu nimemzaa miye? Hakutaka umuone, usije ukavimba kichwa. Na ukavimba vilevile."

"Na mbona hakunihadithia tena?"

"Akuhadithie wapi? Akikwita, una mtihani. Tukifika sisi, weye unatoka na kitabu kwapani. Kakwita, kakwita, kachoka. Umekimbia mwenyewe, baba. Usimsingizie mwenzio aliyetangulia."

Kweli tupu. Nilikuwa nakukimbia kwa haya, kisha ukimya wako nikauhesabu kuwa hasira. Mwalimu wa mantiki, na hoja kubwa kuliko zote za maisha yangu nimeijenga juu ya birika. Njiani kurudi nilisimamisha gari pale mlimani bahari inapofunguka, nikacheka peke yangu mpaka mtalii mmoja akaniuliza kama nnataka kupigwa picha. Nikamwambia nnataka. Ninayo hapa, nimetoka sura mbaya, lakini sura ya mtu aliyesamehewa kosa ambalo halikuwapo.

Jumatatu nikawaambia wanafunzi kuwa ile hadithi si ya watu wa kale, ni ya mamangu, na mwisho wake ni huu. Nikawapa mwisho. Kijana mmoja wa mbele, anayependa kunikamata, akainua mkono.

"Ustadh, marejeo?"

Ana haki, miye ndiye ninayewakata alama wasipotaja marejeo. Nikageuka ubaoni nikaandika jina lako, na la babako, na la mtaa wetu. Herufi zikaenda upande. Nikasingizia kalamu. Nilipogeuka, wote walikuwa wameinamia madaftari, wanakuandika.

Mola akuangazie ulipo, mama, na akupe wasikilizaji wazuri. Mkweo kashaniita chakula mara moja, nnakwenda.

Mwanao,
kitinda mimba wako