Moto wa Mtoto wa Kike

Mjukuu wangu Neema,

Pokea salamu za babu yako toka Kasulu. Mgongo unauma, ila bado napasua mbao. Bibi yako asiuze mahindi yote.

Umeuliza moto wa Januari kwa tajiri wangu Singasinga ni wa nini. Ni sikukuu yao ya mavuno, wanautupia ufuta na karanga. Nyumba iliyopata mtoto wa kiume huwasha mkubwa zaidi.

Mwaka huu mke wa mwanawe alijifungua wa kike. Mke wa tajiri akasema hakuna moto. Jioni mzazi akanijia na kichanga kifuani.

“Mzee Yohana, nipangie mabanzi ya moto uani.”

“Mama, nitafukuzwa!” nikasema.

“Basi nitabeba mwenyewe.”

Mzazi mbichi vile! Nikabeba, huku natazama mlango.

Moto ulipowaka, mke wa tajiri akatoka na sahani. Nikajua kazi imekwisha, mtarudi kulala njaa. Akasogea, akamwaga ufuta motoni.

“Mimi nilipozaliwa hawakuniwashia,” akasema, akampokea mtoto.

Kazi bado ninayo. Mama yako akijifungua wa kike, washeni moto, hata kama mtaogopa.

Babu yako, Yohana