Haikushuka, Imeshushwa

Jumatatu, 4 Machi

Nimepanda! Ngazi yote mpaka kibandani bila kupumzika — haya, nilisimama mara moja, lakini nilijifanya natazama upepo. Mikono iliikumbuka kreni kabla yangu. Nimenyanyua nondo, nimeshusha matofali, sijagusa ukuta wala mtu.

Huko juu hakuna choo. Ndiyo maana mwaka jana wote nilikuwa chini, natunza stoo ya saruji. Anayekimbilia chooni kila mara, tena akitoka damu, hapewi kreni.

Fomeni kwenye redio: Mama Winchi, tumbo linasemaje leo? Nikamjibu limefunga mdomo. Saiti nzima ikacheka.

Alhamisi, 14 Machi

Kliniki. Daktari wangu wa matumbo ni mama asiyezungusha maneno. Chembe nyeupe za damu zimepungua mno. Kinga yangu mwenyewe ndiyo inayouchoma utumbo mpana, vidonge vinaituliza — sasa imetulia hadi imesinzia. Dozi tunakata nusu. Homa yoyote, hata ndogo, hospitali moja kwa moja. Nisimeze kidonge cha maumivu nikajilalia.

Nikauliza nitameza dawa mpaka lini. Miaka, akasema. Pengine maisha. Afadhali kaniambia wazi. Baba watoto anavaa miwani tangu shule na hatujamfanyia matanga!

Jumapili, 17 Machi

Wifi kaja. Kaona vidonge juu ya friji, kasoma karatasi yake, kanivuta jikoni. Sauti ya chini: kinga ikishuka sote tunajua ni nini, mbona mlitufichia?

Nilicheka mpaka nikashika sinki. "Haikushuka, wifi. Imeshushwa! Na daktari, kwa makusudi."

Hakuelewa. Nikamchorea utumbo kwa kidole kwenye unga uliomwagika mezani. Hapa panavimba, hapa panatoka damu. Na hata ungekuwa ugonjwa huo unaoufikiria, nikamwambia, ningemeza dawa vilevile na kreni ningepanda vilevile. Kisha akaanza kuosha vyombo visafi. Ndivyo anavyoomba radhi huyu.

Jumanne, 2 Aprili

Damu. Kidogo, lakini ipo.

Nilimwambia fomeni kabla hajauliza, na sikupanda. Hilo liliniuma kuliko tumbo.

Ijumaa, 5 Aprili

Nusu dozi hainitoshi, dozi kamili inazimaliza chembe zangu nyeupe. Daktari kaweka njia mbili mezani: kuutoa utumbo mpana, niishi na mfuko wa choo tumboni, au dawa nyingine, ya dripu, nayo ya muda mrefu. Nayo inashusha kinga — inaweza hata kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini. Wamenipiga picha ya kifua, wamepima damu. Niko safi.

Baba watoto alitaka nikatwe, yaishe. Simlaumu. Ndiye aliyefua mashuka miezi ile mibaya, akayaanika kabla watoto hawajaamka. "Tujaribu dripu kwanza," nikamwambia. "Kisu hakitakimbia." Kakubali shingo upande. Mtu anayeogopa hata kupanda stuli kubadili balbu, halafu anaoa mwendesha kreni!

Ijumaa, 19 Aprili

Naandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto una sindano. Kiti kizuri, kinalala nyuma. Jirani yangu, bibi mmoja mwenye viungo vinavyovimba, amekuja na soksi za kufuma. Anasema ameshazoea, hapa ndipo anapopata kusengenya kwa raha.

Fomeni kapiga simu: kwenye kreni nimuweke nani wiki ijayo? Nikamwambia amuweke yule wa zamu ya pili, lakini kiti asikirekebishe sana.

Baadaye kidogo — shingo inawasha. Nilitaka kunyamaza. Nikafikiri: wakisimamisha, je? Basi ni kile kisu? Nikamwita nesi, nikamwonyesha. Vipele. Kafunga dripu, kanidunga sindano ya mzio, kamwita daktari.

Daktari kasikiliza kifua, katazama koo. Mapigo sawa, pumzi sawa. Tunaweza kujaribu tena, taratibu zaidi, akasema, wewe unasemaje?

Baba watoto yuko mlangoni na kofia yangu ya kazini mkononi. Sijui kwa nini kaja nayo. Ananitazama mimi, hatazami daktari.

"Fungulia," nikasema.

Matone yameanza. Bibi kaweka soksi chini. Shingo bado inawasha kidogo — au ni mwasho ule wa mwanzo. Nesi kavuta kiti, kakaa kando yangu, macho kwenye shingo yangu. Nami natazama matone yakishuka.