Gia zote ziende kulia

Chausiku, nakuandikia grisi ikiwa bado mikononi. Mwenyekiti wa karakana yetu ya ujamaa hapa Mnyuzi ameivunja mashine ya kusuka kamba za katani. Ile ile moja tuliyo nayo.

Kasema gia zinazozunguka kinyume zinaonyesha mgawanyiko. Gia, Chausiku. Vyuma.

Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Mzee, gia zilizoshikana meno lazima zizunguke kinyume. Ndipo nyuzi zinapopishana na kamba kusukika."

"Binti, chuo kimekufundisha ubepari. Zote ziende kulia."

Akaamuru mkanda wa pili wa injini ufungwe kwenye gia ya jirani. Zote kulia. Meno yakapukutika kama punje za mahindi.

Akina mama wasukaji hawana kazi tena, naye ananiuliza mbele yao, "Fundi, imekuwaje?"

Nikamwekea jino moja kiganjani. "Liulize hili, Mzee. Lilikutii."