Waya Uliomulika Kilio cha Papa

Mushaki, Masisi
Tarehe 6 Mei 2021

Mpendwa kaka Barthélemy,

Nakusalimu huko Lubumbashi, wewe na shemeji Euphrasie na watoto. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi huku Mungu bado anatuweka. Mama ana afya, ingawa goti linamsumbua akipanda kutoka shambani. Mimi bado ni karani wa ofisi ya paroki, na bado naogopa mambo mengi, kama unavyonijua.

Kuna habari kubwa, lakini nivumilie niifikie taratibu, maana inapita katika pikipiki yako.

Tangu ulipotuachia nimeitunza. Lakini kabla ya Pasaka ilianza kuzima njiani. Taa inafifia, honi inalia kama mbuzi mgonjwa, halafu kimya. Ngabo, fundi wa pale sokoni, alisema betri imekufa. Tukaweka mpya. Haikukaa hata wiki, nayo ikafa. Ngabo akanicheka kwamba labda mimi ndiye ninayezinyonya.

Wakati huohuo dada yetu Solange alikuwa amekuja kwa Mama kungojea kujifungua, kwa kuwa mume wake yuko machimboni Walikale. Unakumbuka mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa operesheni. Muuguzi alituonya kwamba safari hii asisubiri uchungu hapa kijijini, awahi hospitali ya Masisi. Mvua ilikuwa imekata barabara na magari hayakupita tena. Ilibaki pikipiki yako. Kaka, unajua pale barabara inapoingia kwenye miti, mahali ambapo hakuna anayependa kusimama kwa hofu ya wenye silaha. Kila nikifumba macho niliona tumezimikiwa palepale.

Woga huo ndio ulionifanya nijiulize: kama hata betri mpya inakufa, chakula chake kinaishia wapi?

Niliazima kipimo cha umeme kwa yule anayeangalia sola za zahanati. Injini ikinguruma, betri inapaswa kupanda karibu na volti kumi na nne. Yetu ilibaki kumi na mbili, na inashuka. Basi ilikuwa hailishwi. Nikapima nyaya tatu za njano zinazotoka ndani ya injini, na zote zilitoa umeme sawasawa. Hapo nilishangaa sana. Jikoni wanapika vizuri, mezani hakifiki kitu!

Nikafuata nyaya kwa kidole chini ya kiti, mpaka kwenye soketi ya regilateri, kile kifaa kinachotuliza umeme kabla haujaingia kwenye betri. Soketi ilikuwa imeyeyuka kama mshumaa. Waya mwekundu ulikuwa mweusi. Na nyuma yake mtu alikuwa amechomeka waya mwingine, mrefu, uliomenywa kwa meno na kufungwa kwa kitambaa cha zambarau.

Kitambaa nilikijua. Ni cha sare ya kwaya ya Mama.

Mama hakuficha. Usiku wa kilio cha Papa, tulipokesha kumlilia baba yetu kabla ya kumzika, mvua ilinyesha, na wanakwaya hawakuonana hata nyuso. Vijana wakaingiza pikipiki yako chini ya shitingi, lile turubai la waombolezaji, wakaiacha ikinguruma imesimama mpaka asubuhi, taa ikining'inia kwenye ule waya. Wageni waliotoka Kingi na Kashuga nao wakaunganisha simu zao humo humo. Mimi nilikuwa ndani na wazee, niliona mwanga tu, sikujua unatoka wapi. Na baada ya kilio kwaya iliendelea kuutumia kila jioni ya mazoezi. Waya uliochomekwa kwa kulegea unachemka, kaka, na hivyo ndivyo soketi ilivyoungua.

Nilishika koleo niukate. Mama akanishika mkono.

"Usikate ule waya, Christian. Kaka yako hakufika kuzika papa yake. Taa yake njo ilifika."

Nilimtazama Solange, ameketi mlangoni na miguu imevimba, nikaona siwezi kuchagua mmoja kati yake na Mama.

Basi nikamwita Ngabo. Alikuja na chuma cha kuchomelea, akakitia kwenye makaa. "Karani, weye unapasua pikipiki kama munganga," aliniambia. "Sasa lazima uishone." Tukatupa soketi, tukakata palipoungua mpaka tukaona shaba safi, tukaunganisha kwa waya mpya na risasi ya kuyeyusha, tukavisha mipira, tukafunga kila kitu mbali na bomba la moshi. Waya wa Mama tuliutoa kwenye regilateri, tukauunga moja kwa moja kwenye betri, na katikati nikaweka fizible, ule uzi mwembamba unaokubali kukatika wa kwanza ili vingine vipone. Kipimo kikapanda hadi kumi na nne na kukaa. Niliwasha na kuzima mara nyingi hadi Ngabo akaninyang'anya ufunguo.

Tuliondoka kulipopambazuka. Kwenye miti sikutazama pembeni, nilitazama taa tu, na haikufifia. Solange alinigonga bega akauliza kama ninasali au ninasikiliza injini. Nilikuwa ninafanya yote mawili.

Habari yenyewe ni hii: tulifika, wamempasua salama, na amepata mtoto mwanamume mwenye sauti kubwa. Solange na mume wake wamekubaliana kwamba jina utatoa wewe, kwa kuwa mara hii pia, kwa pikipiki yako, ulifika kabla ya wengi wetu.

Nisalimie shemeji na watoto, Niyigena na Uwamariya. Mama anakubariki, Solange anakushukuru. Mungu akulinde katika kila barabara yako.

Ila fanya haraka, kaka. Wamama wa maternité, wodi ya wazazi, nimewasimulia habari ya pikipiki, na wameshaanza kumwita Fizible.

Mdogo wako anayekupenda,
Christian