Papa Ana Homa Kidogo

Kalemie, mchana

Yaya Faustin, kaka yangu mukubwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumba yetu huko Moba. Mimi niko, ninapumua, macho tu ndiyo yanauma. Mama alitufundisha kwamba barua inaanza kwa kuuliza afya ya watu wa nyumba, lakini leo nimeshika kalamu na ninaogopa kuuliza. Utaona sababu mbele.

Uliniuliza mara ya mwisho ni kazi gani hii, kukaa mbele ya ordinateri, kompyuta hii, kutwa nzima bila kuuza kitu. Wacha nikueleze, maana bila hiyo hutaelewa yanayofuata. Siku hizi kuna mashini zenye akili ya kutengenezwa, muntu anazituma kazi kama anavyomutuma ndugu yake soko. Mashini inapewa vyombo: kimoja cha kutuma ujumbe, kingine cha kupiga simu, kingine cha kutafuta jina la mugonjwa. Yenyewe inasoma tu maelezo mafupi ya kila chombo, kisha inachagua. Maelezo yakiwa mabaya inashika chombo kibaya, tena inafanya kwa moyo wote! Basi mimi ninayapima yale maelezo. Ninaibunia mashini tatizo, ninaangalia imeshika nini, ninaandika upya, ninajaribu tena. Asubuhi hivyo, jioni hivyo. Umeme ukikatika biro tunamofanyia kazi inakuwa tanuru, na sisi tunangoja humo humo.

Safari hii tunatengenezea hospitali fulani mashini ya kuzungumza na jamaa za wagonjwa. Haijaanza kazi bado, wagonjwa wote tumewabuni sisi. Juzi nikabuni muzee mumoja, nikasema amekufa, nikangoja kuona. Maelezo ya chombo cha ujumbe yalisema: "Tumia hiki kuwapa jamaa habari za mugonjwa." Ikashika hicho hicho, ikamuandikia bibi yake kwenye simu: "Bwana yako amefariki. Tunakutakia siku njema."

Siku njema, Yaya! Nilipiga kelele mpaka watu wa biro ya jirani wakaja kuangalia. Fikiria mwanamuke yuko soko, mikono yote samaki, peke yake kati ya watu, asome hilo?

Patron wetu, mukubwa wa kazi, hakuona ubaya. Yeye amekulia mbali. "Odile, ukweli ni ukweli," akasema. "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Patron, hakuna anayeficha. Kwetu muntu haambiwi kifo akiwa njiani, wala peke yake. Wanamuita kwanza: mugonjwa ana homa kidogo, njoo. Akifika wanamukalisha, watu wanakuwa karibu naye, ndipo shangazi yake anasema."

Akakuna kichwa. "Haya, andika. Lakini mashini ielewe."

Jana nikaandika asubuhi yote. Chombo cha ujumbe kisitumiwe kwa kifo. Kitumiwe cha simu, na aitwe muzee wa jamaa, si mujane, si mutoto wa marehemu. Mashini iligoma, iligoma, nikabadilisha neno hapa, neno pale. Mwisho, usiku umeshaingia, ikamupigia ndugu mukubwa wa yule muzee, ikamuomba tu afike hospitali, daktari anamungoja. Nilifurahi kweli. Nikafunga ordinateri nikiwaza kwenda kulala.

Ndipo simu yako ikalia.

"Odile, Papa ana homa kidogo. Njoo."

Nikauliza, anakula? Ukasema, "Wee njoo tu." Nikaomba niongee naye, ukasema amelala. Na nyuma yako nyumba ilikuwa kimya. Papa yetu huyu, ambaye hata akiwa na homa ya kweli anagombana na redio!

Sikuuliza zaidi. Ningeuliza ungelazimika kusema, na simu si mahali pake. Tena niliogopa, sikufichi. Nimechoka, Yaya. Nimechoka mpaka machozi yanakataa kutoka.

Boti ya leo ya kuja huko Moba imejaa simenti. Nilimubembeleza kapiteni, akakataa katakata kupakia muntu. Barua ameikubali kwa sababu karatasi haina kilo. Nitapanda ile ya kesho. Patron amenipa ruhusa. Nilipomuambia maneno yako hakutoa methali tena, aliuliza tu boti inaondoka saa ngapi.

Ninakuomba kitu kimoja. Kama Papa ana homa kweli, municheke mpaka mwaka uishe, na mimi nitacheka pamoja nanyi. Kama siyo, usije bandarini peke yako, sura yako haijui kudanganya. Aje Shangazi. Anishike mukono, anifikishe nyumbani, nikae chini, halafu aseme. Mpaka hapo mimi ninakuja kumuona mugonjwa. Nimemununulia sukari na yale majani ya chai anayoyapenda.

Unisalimie Mama, umuambie ale hata kidogo. Salamu kwa bibi yako na watoto, kwa Shangazi, na kwa yule mama jirani anayetuuzia mihogo. Najua atakuwa hapo kwetu anapika. Na Papa, umusalimie. Ukishindwa, basi kiti chake kibaki pale karibu na redio, asikikalie muntu mpaka nifike.

Ni mimi, mudogo wako,
Odile