Kwa Luciana, Uliyekatizwa Kwenye Ukimya

Mwaka umetimia, Luciana, na lile gari bado tunaliona. Limeshatoka nyumbani kwako Utemini, limeshaikamata barabara ya Kiomboi, wewe umo ndani ya jeneza, na kaka yako Gaspari anakimbia nyuma na begi begani. Alikuwa anatoka Tabora. Amechelewa, kama kawaida yake. Shemeji yako Calist akagonga bodi, dereva akasimama.

“Panda, mzee,” Calist akasema. “Hata hii umeichelewa.”

Kaburini Kinampanda ukasomwa wasifu wako. “Aliicheza ngoma yake ya Kihispania mpaka mwisho, akatunzwa.” Watu wakatikisa vichwa kukubali. Gaspari akauma meno. Ulikuwa uongo, tena ulisomwa mbele ya udongo wako.

Hukuimaliza.

Wasiojua waambiwe. Sista Pilari, mtawa aliyekufundisha cherehani ukiwa msichana, ndiye aliyekufundisha na alegria, ngoma ya flamenko ya kwao. Akarudi Hispania, wewe ukabaki nayo. Ukampelekea fundi viatu vyako akupigilie misumari kwenye soli. Ukalaza ubao wa mlango uani wa kuchezea, majirani wakasema wewe, Mama Janeth, umeanza kuchanganyikiwa.

Hesabu ya makofi ya ngoma hiyo ni kumi na mbili, na uzito unaangukia ya tatu, ya sita, ya nane, ya kumi na ya kumi na mbili. Ulimfundisha Klara, mwanafunzi wako, mkiwa mnapiga alizeti kwa fimbo: “Mbili ndefu, tatu fupi. Ndefu unapanda, fupi unateremka. Usiniharakishe.” Gaspari akajaribu kupiga makofi, akaenda nne nne.

“Kaka, hapa hatuendi gwaride.”

“Nitajifunza nikirudi.”

“Utarudi lini?”

Miaka arobaini alikuwa hajibu swali hilo, na wewe kila mara ulimfungia maandazi ya njiani. Hukumnunia. Ndivyo ulivyokuwa, na hata upole wako huo sasa unatuudhi.

Vipande vya ngoma tulivizoea. Nzima hukuwahi kuicheza mbele ya watu. Ulisema utaicheza siku moja tu, siku ya kuagwa kazini, baada ya miaka thelathini ya kufundisha wasichana wa watu kukata na kushona. Magoti yalikuwa yanauma, presha inapanda. Ukafanya mazoezi miezi mitano.

Siku ikafika. Calist na gita, Klara anaimba na kupiga makofi. Ukaingia taratibu na mikono juu. Ubeti wa kwanza, ubeti wa pili. Kila ulipotaka kubadilisha, uliita kwa miguu, na Calist akafuata, maana kwenye ngoma hiyo mpiga gita anamfuata mchezaji. Kisha ukafika kwenye ukimya. Hapo wimbo unakoma, makofi yanakoma, gita linabaki peke yake, polepole, na wewe unacheza mikono tu. Ni ngoma ya furaha lakini katikati ina huzuni, na ni lazima upite hapo ndipo miguu ianze: kidogo kidogo, halafu kama mvua juu ya bati, halafu mbio za kufungia.

Sasa kwetu, ngoma ikitulia, mtu anainuka kumtunza mchezaji kwa zawadi. Gaspari akainuka. Alikuwa amekuletea kitenge kipya. Akakufunika nacho mabegani, akageukia ukumbi, akapiga makofi kwa nguvu zote. Akina mama wakaja na vigelegele na khanga zao. Simoni, mshereheshaji, akashika kipaza sauti: “Huyo ndiye Mama Janeth wetu!” Akafungulia muziki. Calist alikuwa bado anapiga. Hakuna aliyemsikia.

Ulitabasamu. Mbona hukukivua kile kitenge, Luciana? Mbona hukututukana?

Nje ndipo ulipomwambia, “Kaka, umenifunika katikati.”

“Si ilikuwa imeisha?”

“Ilikuwa imenyamaza tu. Nitairudia Pasaka. Na wewe utakaa chini, usinyanyue hata kidole.”

Siku mbili baadaye Gaspari akapanda basi la Tabora. Wiki ya tatu presha ikakuchukua. Mwaka mzima amemlaani Simoni na muziki wake. Simoni ana makosa, lakini kofi la kwanza lilikuwa la kaka yako.

Juzi tulipokuwa tunaandaa tangazo hili, binti yako Janeth alitaka tuandike kwamba ulitunzwa kwa heshima.

“Mjomba, watu watatushangaa.”

“Washangae. Uongo wa kaburini unatosha.”

Basi iandikwe hivi: Luciana alicheza nusu.

Sista Pilari alishafariki kwao. Calist yuko Kiomboi, anapiga gita kanisani. Klara amehamia Dodoma, anashona sare za shule. Makofi anayajua yote. Simoni bado anaendesha sherehe. Janeth anafundisha darasa lako. Gaspari yuko Kinampanda, analima alizeti, hajasafiri tangu tukuzike. Hesabu ameijua, kwa kuchelewa. Miguu ya baada ya ukimya hakuna aliyejifunza.

Wanaokukumbuka: kaka yako Gaspari, binti yako Janeth, mdogo wako Rebeka, shemeji yako Calist, na wanafunzi wako wote. Hatutakusahau, Luciana, siku zote tutakazojaliwa.